Gemu ya Mpira Unaobingirika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watengenezaji wa Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa wale walioko Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea na Kilwa wanaotaka kutengeneza gemu ya simu ambayo mchezaji anaongoza gololi au mpira. Hesabu zote hapa chini zimefanywa kwa mpira mmoja wa mfano: nusu kipenyo m 0.5, uzito kilo 1, uko mshibo kama gololi (sio wa upepo), na mvutano wa ardhi ndani ya gemu ni m 18 kwa sekunde mraba. Ukibadili namba moja, rudia hesabu za nyingine, maana zimeshikana.

Ni nini hasa kinachofanya gemu ya mpira inoge?

Uzito. Mchezaji auhisi mpira kidoleni kama kitu kinachobeba mwendo wake. Hilo linatokana na mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni kujibu: kidole kikisukuma, mpira uanze kusogea katika fremu hiyohiyo (picha moja kati ya zile zinazochorwa kila sekunde) au inayofuata. La pili ni kukolea: kasi ya juu isifikiwe papo hapo, ichukue zaidi ya sekunde moja. Mpira unaojibu haraka na kukolea polepole ni mtamu. Mpira unaochelewa kujibu ni mzito vibaya, na unaofika kasi yote mara moja unateleza kama kipande cha barafu.

Jambo la tatu ni kwamba mwendo usipotee bure. Ukishuka bonde kwa kasi, kasi hiyo ikupandishe kilima cha mbele. Mpira wetu ukifika mguu wa kilima na kasi ya m 12 kwa sekunde unapanda kimo cha m 5.6 bila kusukumwa. Mchezaji akiligundua hilo mwenyewe, ataanza kutafuta njia zake, na hapo gemu imeshamshika.

Kwa hiyo kabla ya kuchora mnazi hata mmoja, tengeneza sakafu tupu ya m 40 kwa 40, uweke mpira na kilima kimoja. Mpe mtu simu bila maelezo. Akicheza dakika nzima kwa kuzunguka tu, endelea. Akikurudishia baada ya sekunde kumi na kuuliza "sasa nafanyaje?", rudi kwenye namba za mpira. Usiongeze pointi wala maadui kufunika tatizo.

Nitumie programu gani?

Godot 4. Ni ya bure, haidai malipo hata ukiuza gemu, na inaendeshwa vizuri na kompyuta za kawaida. Kwa simu za bei nafuu chagua mfumo wa uchoraji unaoitwa "Compatibility" tangu siku ya kwanza, kwa sababu ukiubadilisha katikati ya kazi mwanga na rangi vitakuharibikia. Panga bando mapema: programu yenyewe ni ndogo, lakini faili za kutolea gemu kwenda Android zinafika karibu GB 1, na juu yake utahitaji Android SDK pamoja na OpenJDK 17, zana za kutengenezea programu za Android. Vishushe usiku, siku moja, uvihifadhi kwenye flashi mgawane na wenzako.

Unity nayo inafaa ukiwa umeshaizoea. Fizikia ni ileile.

Sina kompyuta. Naweza kutumia simu peke yake?

Unaweza. Godot ina toleo la kutengenezea gemu ndani ya Android. Kwenye tableti kazi inakwenda. Kwenye simu ndogo utafanikisha sakafu tupu na mpira, ila kupanga njia ndefu kutakuchosha macho.

Nianze na namba gani?

Mchapuko wa kusukuma, yaani kasi inayoongezeka kila sekunde: m 8 kwa sekunde mraba. Nguvu iwe kamili hadi kasi ya m 10, kisha ipungue taratibu hadi sifuri kwenye m 12. Hivyo mpira unafika m 10 kwa sekunde moja na robo. Usiikate kasi kwa msimbo wa "ikizidi 12 rudisha 12", kwa sababu utaua raha ya mteremko: kilima kiruhusiwe kuupeleka mpira kwenye 15 au 20.

Mchezaji akisukuma kinyume na mwendo, mpe mara mbili, m 16 kwa sekunde mraba. Sababu ni umbali: ukiwa kwenye m 12 na breki ya 8, mpira unahitaji m 9 kusimama, kwa breki ya 16 unahitaji m 4.5. Ile m 9 ndiyo inayomfanya mtu aseme gemu "haishikiki".

Akiachia kidole, tumia breki laini ya m 3 kwa sekunde mraba. Mpira utasimama ndani ya sekunde nne. Breki hii iwake kwenye tambarare pekee, sakafu ikiwa na mwinamo chini ya nyuzi 3. Ukisahau sharti hilo mpira utagoma kushuka mteremko mpole, na utaonekana umepakwa gundi. Kwenye Godot weka pia `linear_damp` na `angular_damp` (upunguzaji wa mwendo na wa mzunguko unaofanywa na Godot yenyewe) kuwa 0 wakati wa majaribio, ili ujue unachopima ni breki yako wewe.

Msuguano uwe 1 kwa mpira na 1 kwa sakafu. Kwa breki ya 16 chini ya mvutano wa 18 unahitaji msuguano wa angalau 0.89. Ukiweka 0.5 mpira utazunguka palepale kama tairi la pikipiki kwenye tope, ukidhani msimbo wako una kosa.

Niuzungushe mpira au niusukume?

Ukiwa chini, uzungushe. Kani ya kuzungusha inafanya mpira ushike sakafu, upande kilima kwa haki na uteleze pale penye utelezi. Mhimili wake unapatikana kwa `Vector3.UP.cross(mwelekeo)`, na kiasi chake kwa mpira mshibo ni 1.4 × uzito × nusu kipenyo × mchapuko. Kwa namba zetu: 1.4 × 1 × 0.5 × 8 = 5.6. Hiyo 1.4 isikushangaze. Mpira haubebi mwendo wa kwenda mbele tu, unabeba na mzunguko wake, na vyote viwili vinadai nguvu.

Ukiwa hewani kuzungusha hakuupeleki popote, kunaongeza mzunguko ambao utalipuka ukigusa chini na kuutupa pembeni. Kwa hiyo mpira ukiruka, zima kani ya kuzungusha, tumia msukumo wa kawaida wa m 2 kwa sekunde mraba. Unatosha kurekebisha kutua bila kumfanya mchezaji awe rubani.

Namba hizi pia zinakuambia kilima kipi hakipandiki: mpira ukianza kwa kusimama, unakwama kwenye mwinamo wa karibu nyuzi 38. Zaidi ya hapo lazima mtu aje na mwendo. Hiyo ni zawadi kwa mpangaji wa njia, maana kilima cha nyuzi 40 ni mlango unaofunguliwa na kasi.

Nimeongeza nguvu mara kumi lakini mpira hauendi kasi. Kwa nini?

Kama uko Unity, karibu hakika ni kikomo cha mzunguko. Unity inaanza na `maxAngularVelocity` ya radiani 7 kwa sekunde. Mpira wenye nusu kipenyo cha m 0.5 hauwezi kubingirika zaidi ya 7 × 0.5, yaani m 3.5 kwa sekunde, hata uusukume vipi. Weka 50. Kosa hili limewafanya wengi waanze kuusukuma mpira badala ya kuuzungusha, wakabaki na mpira unaoteleza.

Kwa nini mvutano uwe 18 na si 9.8?

Kwa sababu ya jicho. Mpira wenye kipenyo cha mita moja, ukionekana mdogo kwenye skrini ya simu, akili inaudhania gololi. Gololi ikianguka kimo chake mara tano tunatarajia ifike chini upesi. Kwa 9.8 mpira wetu unatumia sekunde 1.01 kuanguka m 5, na unaonekana kama puto. Kwa 18 ni sekunde 0.75. Ukipita 25 kuruka kunakuwa kugumu kusoma.

Mpira unarukaruka kwenye sakafu iliyonyooka kabisa.

Sakafu yako imeundwa kwa vipande vilivyopangwa kama vigae. Injini ya fizikia, yaani sehemu ya programu inayopiga hesabu za mwendo na migongano, haioni sakafu moja, inaona masanduku mengi, na mpira unapopita kwenye kiungo unajikwaa kwenye ukingo wa sanduku linalofuata ingawa wewe huuoni. Kadiri kasi inavyopanda ndivyo unavyodunda zaidi.

Tiba ya uhakika ni kuunganisha vipande vya kugusana kuwa umbo moja: ruhusu sura ionekane ya vigae, lakini chini yake weka sakafu moja ndefu isiyoonekana. Tiba ya pili ni kutumia injini ya fizikia ya Jolt, ambayo imo ndani ya Godot kuanzia toleo 4.4 na inavumilia viungo vizuri zaidi. Kupunguza mdundo wa mpira hadi sifuri hakutibu, kunaficha tu hadi mtu apite kwa kasi.

Mpira unapenya ukuta.

Fizikia ya Godot inapiga hesabu mara 60 kwa sekunde. Kwa m 30 kwa sekunde mpira unasogea nusu mita kila hesabu. Kasi ikizidi hapo, mpira unaweza kuzama ndani ya ukuta wa sm 20 katika hesabu moja na kusukumwa utokee upande wa pili. Washa `continuous_cd` (ukaguzi wa mgongano usiokatika) kwenye mpira, na fanya kuta zisizoonekana kuwa na unene wa mita moja, zikielekea nje ya njia.

Mpira hauonekani kubingirika, au unaonekana kurudi nyuma.

Mpira wa rangi moja ukibingirika na ukiteleza ni sawa kwa jicho. Unahitaji michoro. Mpingo unakupa jibu zuri ambalo mchongaji yeyote wa Kimakonde analijua: kiini cheusi, na mbao ya nje iliyo nyeupe kuelekea manjano. Mpira wenye mabaka ya rangi hizo mbili unasomeka hata juani.

Idadi ya mistari ina hesabu yake. Kwenye m 12 kwa sekunde mpira wetu unazunguka radiani 24 kwa sekunde. Simu ikichora fremu 60, kila fremu mpira umegeuka nyuzi 23. Ukiwa na mistari minane, umbali kati ya mstari na mstari ni nyuzi 45, na nusu yake ni 22.5. Mzunguko ukivuka nusu hiyo, jicho linaunganisha mstari na wa nyuma yake na mpira unaonekana kurudi, kama rimu za gari kwenye video. Kwenye simu inayochora fremu 30 hata mistari minne ni mingi mno, kwa sababu mpira unageuka nyuzi 46 kila fremu. Weka baka moja kubwa na doa moja dogo, visivyolingana.

Ongeza kivuli cha duara moja kwa moja chini ya mpira, hata kama taa ya gemu inatoka pembeni. Bila kivuli mchezaji hawezi kujua atatua wapi.

Mpira unatetemeka ingawa simu ni nzuri.

Skrini inachora mara 90 au 120, fizikia inahesabu mara 60. Fremu nyingine zinaonyesha mpira palepale, nyingine zinaurusha. Washa ulainishaji wa fizikia (Physics Interpolation). Kwa 3D umo kwenye Godot 4.4. Na hakikisha kamera inafuata nafasi iliyolainishwa, la sivyo mtetemo utahamia kwenye mandhari yote.

Kamera nayo inazunguka na mpira!

Umeiweka kuwa mtoto wa mpira, yaani kitu kilichofungwa chini yake kinachofuata kila mgeuko wake. Itoe nje, ifuate nafasi tu, isiige mzunguko. Kosa hilihili linaharibu na kuruka: mshale wa kuangalia chini (raycast), unaopima kama mpira umegusa sakafu, ukiwa mtoto wa mpira unageuka nao, kwa hiyo mara unaangalia sakafu, mara unaangalia mbingu, na kitufe cha kuruka kinafanya kazi pale kinapotaka. Urushe mshale kwa msimbo, kutoka katikati ya mpira kwenda chini m 0.6.

Umbali wa kamera m 6 nyuma na m 3 juu ni mwanzo mzuri. Iangalie sehemu iliyo m 2 mbele ya mpira kulingana na mwendo, ili kona ionekane kabla ya kufikiwa. Upana wa lenzi uanze nyuzi 65 na upande hadi 78 kasi inapopanda. Hapo ndipo hisia ya kasi ilipo, kuliko kwenye namba yenyewe. Mgeuko wa kamera uwe wa taratibu. Kamera inayojigeuza haraka nyuma ya mpira kila mchezaji anapokunja kona inaleta kichefuchefu kama kupanda boti kuvuka ghuba upepo ukiwa umechachamaa.

Kuinamisha simu au kitufe cha kidole gumba?

Weka vyote viwili, lakini kitufe kiwe ndicho cha kuanzia. Kuinamisha simu kunavutia dakika tano za kwanza. Kwenye basi la barabara ya Lindi kuelekea Mtwara hakuchezeki.

Kitufe, yaani duara la kusogeza kwa kidole, kitokee pale kidole kinapotua, kisikae mahali pamoja. Asilimia 10 hadi 15 ya katikati isihesabike, kisha nguvu ipande kwa mraba: kidole kikiwa nusu ya njia mpira upate robo ya nguvu. Hapo mtu anaweza kupita ukingo mwembamba kwa upole. Mwelekeo uhesabiwe kutoka kwa kamera: "juu" ya kidole iwe mbele ya kamera, baada ya kuondoa sehemu ya juu-chini.

Kwa kuinamisha, usidhani watu wanashika simu ikiwa bapa. Chukua mkao aliokuwa nao mtu alipobonyeza "Anza" uufanye sifuri. Nyuzi 3 za mwanzo zisihesabike, na nguvu kamili iwe nyuzi 22.

Je, nikiinamisha sakafu badala ya kusukuma mpira?

Ni familia nyingine ya gemu, na inafaa kuijua. Marble Madness ya Atari, iliyosanifiwa na Mark Cerny na kutoka mwaka 1984, ilimfanya mchezaji auongoze mpira wa kwenye skrini kwa kuviringisha mpira halisi kwenye mashine. Super Monkey Ball ya Sega, mwaka 2001, ilichukua njia ya kuinamisha uwanja.

Ukiichagua hii ya pili, usiizungushe sakafu yenyewe. Sehemu iliyo m 50 kutoka katikati, sakafu ikiinama nyuzi 15 kwa theluthi ya sekunde, inapanda karibu m 13, na itaurusha mpira kama jiwe la manati. Geuza mwelekeo wa mvutano, kisha uinamishe kamera ili macho yaamini kuwa ni sakafu. Kwa mwinamo wa nyuzi 20 mchapuko ni sehemu tano kwa saba za 18 × 0.34, yaani m 4.4 tu. Njia zako ziwe fupi na pana zaidi.

Sauti ina umuhimu gani?

Mkubwa kuliko picha. Zima sauti ya kubingirika na mpira uleule utaonekana mwepesi.

Rekodi kwa simu, ndani ya chumba, dirisha limefungwa, kwa sababu upepo wa pwani utakuharibia. Viringisha gololi kwenye sinia la bati, kwenye sakafu ya saruji, kwenye ubao. Kata sekunde mbili zinazojirudia bila mlio kwenye kiungo. Sauti ipande na kasi: kwenye m 1 iwe ndogo na nzito (kiwango cha mlio, yaani pitch, 0.8), kwenye m 12 iwe kamili na nyembamba kidogo (1.3). Mpira ukiacha sakafu, sauti izimike ndani ya sekunde 0.05. Ukimya huo mfupi hewani ndio unaofanya kutua kusikike.

Mgongano uwe na sauti tatu tofauti zinazobadilishana, na usilie kama badiliko la kasi ni chini ya m 1 kwa sekunde. Bila kizingiti hicho utasikia kelele kama mvua ya mawe kwenye mabati.

Nawezaje kutumia mazingira yetu bila kuyafanya pambo tu?

Anza na kile ambacho mpira unaweza kufanya mahali hapo, halafu ndipo uchore.

Milima ya mawe ya Masasi ni majabali ya mviringo. Jabali la duara lina tabia moja nzuri: mpira ukianza kubingirika polepole kutoka kileleni unaachana na jiwe ukifika karibu nyuzi 54 kutoka wima. Kwa hiyo unajua hasa utakaporuka, na unaweza kuweka jiwe la pili la kuudaka. Akija na kasi ataachana mapema zaidi, na hapo unaweza kumwekea njia ya siri.

Vichochoro vya Mikindani vinataka kitu kingine kabisa, yaani kona. Kwa mchapuko wa m 8, mpira unaokwenda m 12 unahitaji kona yenye nusu kipenyo cha m 18. Ukienda m 6 unahitaji m 4.5 tu. Kichochoro cha kona za m 4.5 kinamlazimisha mtu apunguze mwendo nusu, au agonge ukuta wa matumbawe kwa makusudi ili ageuke. Ruhusu hilo la pili, watu wanalipenda. Upana usipungue m 3 kwa mgeni, m 1.5 ni kwa waliokomaa.

Newala, kwenye ukingo wa nyanda za juu za Makonde pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma linaonekana chini mbali. Hiyo ni hatua ya mteremko mrefu. Mwinamo wa nyuzi 10 unatoa mchapuko wa m 2.2, baada ya sekunde kumi mpira umeshuka m 110 na unakwenda m 22. Sekunde kumi za kushuka bila kizuizi zinatosha, kisha lete tawi la mkorosho njiani.

Mchanga wa Msimbati: pandisha `linear_damp` hadi 2.5 na kasi itaishia kati ya m 4 na 5. Usiuweke kwa zaidi ya sekunde nne mfululizo. Mchanga unatakiwa uwe adhabu ya kutoka njiani. Ukiufanya njia nzima unachosha.

Daraja la Umoja linalovuka Ruvuma kwenda Msumbiji, lililofunguliwa mwaka 2010, lina urefu wa m 720. Ukilichora kwa kipimo chake halisi mchezaji atabingirika dakika nzima kwenye mstari ulionyooka. Likate hadi m 120, uache nguzo na maji viseme kuwa ni refu. Lakini si kila kitu kinahitaji kukatwa. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 ilisimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, na kimo chake ni m 13.27. Kwa mpira wetu hicho ni kimo kamili: kubingirika kutoka kichwani, shingoni, mgongoni hadi mkiani kunakufikisha chini na karibu m 18 kwa sekunde, kasi ambayo kusukuma peke yake hakukupi.

Korosho za kuokota zipange kila m 2 au 3 kufuata njia nzuri ya kona, si katikati ya barabara. Zinamfundisha mchezaji pa kupita bila maandishi. Kwenye mruko zifuate upinde wenyewe.

Pengo la kuruka liwe na upana gani?

Kwa mruko wa kimo cha m 1.5, kasi ya kupanda ni m 7.35 na mpira unakaa hewani sekunde 0.82. Ukiwa kwenye m 12 unavuka karibu m 9.8. Weka m 6 kwa mapengo ya kawaida, m 8 kwa magumu. Mpe mchezaji sekunde 0.1 za ziada baada ya kutoka ukingoni ambazo kitufe bado kinakubali. Hakuna atakayegundua, ila wote wataacha kulalamika kuwa "nilibonyeza!"

Akianguka?

Arudi ndani ya sekunde moja, bila ukurasa wa "Umeshindwa", bila tangazo. Mzunguko wa mpira nao urudishwe sifuri. Wengi hurudisha nafasi na kasi tu, na mpira unaanza kwa kujitupa pembeni. Vituo vya kurudia viwe kila sekunde 20 hadi 30 za njia.

Naweza kutumia kinyago nilichokiona sokoni kama sehemu ya gemu?

Kazi ya kuchonga ina mwenyewe. Mwombe mchongaji, mkubaliane malipo kwa maandishi, na jina lake liwekwe ndani ya gemu kama atapenda.

Nijaribishe vipi?

Watu watano ambao hawajaiona, mmoja mmoja, na wewe ukae kimya. Kijiwe cha bodaboda mchana ni mahali pazuri: watu wana simu za kila aina na hawakuonei haya. Chora njia kwenye karatasi na uweke alama kila mtu anapoanguka. Alama zikitapakaa, ugumu ni wa haki. Zikirundikana sehemu moja, angalia kamera kabla ya kurahisisha njia. Mara nyingi mtu anaanguka kwa sababu hakuona. Usiulize "umeipenda?", kwa sababu kwa adabu zetu atasema ndiyo. Angalia kama anaanza tena bila kuombwa.

Kuiweka Google Play kunahitaji nini?

Ada ya dola 25 za Marekani, mara moja tu, na faili ya aina ya AAB, kifurushi cha gemu ambacho Google Play inakipokea. Akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kwanza kuwa na wajaribu wasiopungua 12 walioshiriki siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kutoka hadharani, kwa hiyo anza kukusanya majina ya hao 12 wakati bado unarekebisha kamera. Ukitaka kuonja kwanza, tovuti ya gemu ya itch.io haidai ada: unapandisha APK (faili ambayo simu ya Android inaisakinisha moja kwa moja), unatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp. Funguo ya kusaini gemu ihifadhi sehemu mbili, kompyuta na flashi. Umeme ukikatika wakati diski inaandika na funguo ikaharibika, waliosakinisha APK yako hawataweza kuisasisha, na kwa Google Play utalazimika kuomba funguo mpya ya kupandishia.